Mshono wa Mtindilo

Mimi ni mshona magunia, Tandale, kizimba cha tatu
ukitokea kwenye mizani inayodanganya kilo mbili.
Shazia yangu ina umri kuliko ndoa yangu:
imepinda kidogo, kama mimi, na bado inapita.

Fuso huingia saa tisa za usiku.
Wapagazi hushusha na usingizi wao mabegani,
dalali huchoma gunia kwa bambo,
hutoa punje sita, huzitafuna, hutema bei.
Yeye huonja unyevu. Mimi husoma uzi.

Maana kila mji una mkono wake.
Kuna wanaoshona kama wanaofukuzwa na mvua,
kuna wanaorudia kona mara mbili, watu wa akiba.
Na Mtindilo —
Mtindilo hutausikia redioni.
Ni kule barabara inakochoka, nyuma ya Sumbawanga:
mtaa mmoja, mashine moja ya kusaga,
kengele ya kanisa ni rimu ya trekta lililokufa.
Gesti ina vyumba vitatu, hujaa Juni tu,
wanunuzi wanapokuja na vikokotoo vyao.
Juni kila mtu tajiri: godoro jipya juu ya baiskeli,
harusi nne Jumamosi moja.
Januari tunayanunua mahindi yale yale kwa kisado,
bei mara mbili,
na tunashukuru kupimiwa.

Mama yangu, Gaudensia, ameshonea nusu ya mji ule.
Mkono wa kushoto. Uzi unaingia kutoka chini,
mapito manane, kisha fundo lililolala
kama mtoto aliyegeukia ukutani.
Miaka kumi na mmoja sikupata barua;
nilipata fundo.
Kila Julai nalikuta hapa, kati ya vumbi na matusi,
najua: yupo, amekula,
kiuno kinauma lakini si sana.

(Magunia huja na mengine. Kifungo. Jino la maziwa.
Ukurasa wa daftari wenye hesabu iliyokosewa.
Dalali hutupa. Mimi nina kopo.)

Mwaka huu Kipeta alishusha ya Mtindilo themanini,
lumbesa, yamevimba shingo.
Nikapitisha kidole.
Uzi umeingia kutoka juu.
Mapito marefu, ya mtu anayehesabu kwa sauti,
na mafundo matatu, manne, hofu juu ya hofu.
Nikageuza la pili. Nikageuza la kumi.
Mpagazi akauliza, "Mama, umepoteza hela?"

Mtandao wa Mtindilo uko juu ya kichuguu
nyuma ya zahanati; sharti mtu awe amesimama pale.
Nilipiga mara sita.
Hakuna aliyekuwa amesimama.

Kipeta alikuwa anapuliza chai.
"Anashona mjukuu, yule wa Oresta, ana miaka tisa.
Bibi anakaa kando, anamwelekeza kwa mdomo.
Mkono umekataa tangu Kwaresima.
Alisema nisikwambie."
"Mbona unaniambia?"
"Umeniuliza uzi. Uzi hakunikataza."

Asubuhi magunia yatakwenda mashineni, Manzese.
Kijana atakata midomo kwa wembe bila kutazama,
na jioni Mburahati itakula ugali
isijue umepita mkononi mwa mtoto.
Sawa. Ndivyo chakula kilivyo.

Lakini matupu hurudi.
Kipeta huyakunja, huyafunga mia mia,
huyarudisha kule barabara inakochoka.
Nikachukua moja, nikahamisha shazia mkono wa kushoto,
mkono wangu mjinga, wa kushikia kikombe,
nikaingiza uzi kutoka chini,
nikahesabu mpaka nane.
Fundo likatoka limekaa, halikulala.
Nikalifumua.
"Mshonaji!" dalali anaita. "Mshonaji, gunia linamwaga!"
Limwage.
Nikafunga tena.